Maswali ya Wasomaji: Unapoanza Kuhariri Wikipedia

Katika toleo lililopita tuliwahimiza wasomaji wa Kanda ya Ziwa wajiunge na watu wanaoandika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo huru iliyoanza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma na kuihariri bila malipo. Barua zilizotufikia tangu wakati huo zinaonyesha kwamba wengi wameitikia, na kwamba wengi wao wamegongana na kanuni ambazo hakuna aliyewaeleza mapema. Barua zenyewe nimezifupisha.

Swali: Mhariri, nimeandika makala kuhusu mwalo wa kijiji chetu wilayani Magu: nani aliuanzisha, kwa nini wavuvi wa dagaa walihamia hapo, na biashara ilivyobadilika sangara walipoongezeka ziwani. Habari zote nimezipata kwa babu yangu, ambaye amevua tangu kabla ya Uhuru. Kesho yake nilikuta makala imewekewa alama kwamba haina vyanzo na inapendekezwa ifutwe. Je, mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake si chanzo? *Msomaji, Magu*

Jibu: Babu yako ni shahidi, na ushahidi wake una thamani kubwa. Hata hivyo, kamusi elezo haipokei habari moja kwa moja kutoka kwa shahidi. Hupokea yale ambayo tayari yamechapishwa mahali ambapo msomaji mwingine anaweza kuyafikia na kuyahakiki. Sababu ni kwamba msomaji hakujui. Anayefungua makala yako akiwa Lindi au Mombasa hajui ukoo wako, hajapata kumwona babu, wala hawezi kupiga hodi kwake akamuuliza maswali. Gazeti lina mhariri anayejulikana, na likikosea unajua pa kupeleka malalamiko. Wikipedia inaandikwa na watu wengi wanaotumia majina waliyojichagulia, kwa hiyo imani ya msomaji haina pa kuegemea isipokuwa kwenye chanzo kilichotajwa katika tanbihi. Karibu kila kanuni nyingine ambayo wasomaji wameniuliza inatokana na jambo hili moja.

Chukua tukio ambalo wakazi wa Mwanza wa umri wangu hawawezi kulisahau. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza kutoka Bukoba. Idadi ya waliopoteza maisha inayotajwa mara nyingi ni 894, lakini yapo maandishi yanayotaja idadi ndogo zaidi, na yapo yanayokaribia 1,000, kwa sababu orodha ya abiria ilihusu daraja la kwanza na la pili, ilhali wa daraja la tatu walisafiri bila kuorodheshwa. Sasa fikiria kila aliyefiwa siku ile, na kila aliyeshiriki kuopoa miili, aje kwenye ukurasa huo aandike idadi anayoiamini. Hakuna hata mmoja wao atakayekuwa na nia ya kudanganya, lakini ukurasa utabadilika kila juma, na mwanafunzi anayeusoma hatajua ashike lipi. Kinachotakiwa ni kuandika kila idadi imetolewa na nani, kuiwekea tanbihi yake, na kueleza kwa nini zinatofautiana iwapo chanzo kimeeleza hivyo.

Ni kweli kwamba kanuni hii inatubana sisi kuliko inavyowabana Waingereza au Wajerumani. Vijiji vingi vya kwao vimeandikiwa vitabu tangu zamani na wachungaji na walimu wa huko. Kwetu historia ya mialo mingi haijawahi kufika kwenye karatasi. Ni pengo kubwa, na huniuma ninapoona mhariri mzoefu anafuta kazi ya mgeni bila kumwachia hata sentensi moja ya maelezo. Pamoja na hayo, sioni kwamba kanuni yenyewe ilegezwe, maana mlango ukifunguliwa kwa babu yako aliye mkweli utakuwa wazi pia kwa mtu anayetaka kuandika, bila ushahidi wowote, kwamba ukoo wake ndio ulioanzisha mji wa Mwanza. Tunachopaswa kufanya ni kuchapisha. Mrekodi babu kwa simu, kwa idhini yake. Andika majina, miaka na mahali. Peleka nakala kwenye Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Mtafute mwandishi wa gazeti, au mwanafunzi wa chuo kikuu anayehitaji mada ya tasnifu ya historia. Andiko likishatoka likiwa na jina la mwandishi, na likiwa limepita mikononi mwa mhariri au msimamizi wa kitaaluma, yeyote anaweza kulitaja kama chanzo, nawe mjukuu ukiwemo.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, yapo mengi ambayo tayari yameandikwa na hayajaingizwa katika Kiswahili. Hans Cory aliandika kwa kina juu ya sheria na mila za Wasukuma katika miaka ya 1950. Jarida lililoanza mwaka 1936 kwa jina la Tanganyika Notes and Records limejaa makala kuhusu watu na mahali pa nchi hii. Kuhusu sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kuenea kupita kiasi miaka ya 1980, huku aina nyingi za furu zikitoweka, watafiti wameandika sana, na sehemu hiyo ya makala yako inaweza kupata tanbihi hata wiki hii.

Ushauri wangu mwingine ni juu ya mahali pa kuiweka habari hiyo. Mwalo mmoja huenda haujaandikwa vya kutosha kuwa na makala yake wenyewe, kwa kuwa Wikipedia hudai mada iwe imezungumzwa kwa kina na vyanzo kadhaa visivyo na masilahi nayo. Lakini kata zetu nyingi tayari zina makala, na nyingi kati ya hizo ni zile zinazoitwa mbegu: sentensi chache zinazotaja wilaya, msimbo wa posta na idadi ya wakazi. Anza na makala ya kata yako. Angalia kama bado inatumia sensa ya mwaka 2012, ingiza takwimu za mwaka 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kisha ongeza aya ya uvuvi yenye vyanzo. Sensa hiyo iliuhesabia Mkoa wa Mwanza watu 3,699,872, na kila mmoja wao anaishi katika kata ambayo makala yake inahitaji mtu kama wewe.

Swali: Nilikuta ukurasa ukisema kwamba Speke aligundua Ziwa Victoria mwaka 1858. Sisi Wakerewe tulikuwa tukivua humu vizazi vingi kabla yake, hivyo nikaifuta sentensi hiyo. Mtu akairudisha. Nikaifuta tena, akairudisha tena, na sasa nimepata onyo. Kwa nini anayetetea uongo asionywe yeye? *Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Jibu: Hoja yako ina nguvu, ila njia uliyoitumia imeidhoofisha. Wikipedia humwita anayefuta na anayerudisha kwa jina moja, yaani watu wanaotenguana, na haiangalii kwanza nani ana haki. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa kuhariri, hata kama ukweli uko upande wake. Na hata pale ambapo hakuna anayehesabu, mvutano wa namna hiyo humfanya kila anayepita aone watu wawili wenye hasira badala ya kuiona hoja.

Kila ukurasa una historia, ambamo kila badiliko limehifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya na saa, na una ukurasa wa majadiliano. Nenda kwenye majadiliano, eleza kwa utulivu kwa nini sentensi ile haifai, weka chanzo, kisha malizia kwa alama nne za wimbi ambazo mtambo utazigeuza kuwa saini yako na tarehe. Subiri siku kadhaa. Chukulia kwamba mwenzako ana nia njema mpaka matendo yake yaonyeshe vingine. Huenda aliona tu kwamba akaunti mpya imefuta sentensi yenye tanbihi bila kuandika neno katika sehemu ya muhtasari, na hivyo ndivyo waharibifu wanavyofanya kila siku. Muhtasari wa maneno machache, kwa mfano "wenyeji walilijua ziwa kabla ya 1858, tazama majadiliano", ungeweza kuepusha ugomvi wote.

Kuhusu maudhui yenyewe, kutoegemea upande hakumaanishi kumfuta Speke. Kunamaanisha kusema lililotokea bila kulipamba kwa macho ya mtu mmoja. Mimi ningependekeza hivi: watu wa mwambao na visiwa waliishi kwa kulitegemea ziwa hili kwa vizazi vingi, mwanzoni mwa Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, akitokea Kazeh, yaani Tabora ya leo, ambako mwenzake Richard Burton alibaki akiwa mgonjwa, alifika karibu na Mwanza, akaliita ziwa kwa jina la malkia wake, akadai kwamba ndilo chimbuko la mto Nile, Burton alilipinga dai hilo, na mabishano yaliendelea hadi Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875. Ndani ya maneno hayo hakuna neno "aligundua", na hakuna mtu aliyenyimwa sehemu yake. Speke bado yupo, lakini hayuko peke yake ufukweni. Mwenzako akisoma pendekezo la namna hiyo, lenye tanbihi kwa kila kipande, atakuwa na kazi ngumu kulikataa.

Swali: Nina nyumba ya kulala wageni na ninasafirisha mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara. Nimemlipa kijana aniandikie ukurasa wa kampuni yangu, ukafutwa mara moja. Nifanyeje? *Mfanyabiashara, Kirumba*

Jibu: Usiuandike. Kampuni hupata makala pale ambapo watu wasio na masilahi nayo wameandika juu yake kwa kina, na si kwa kuwa mwenyewe anahitaji wateja. Anayelipwa kuhariri analazimika, kwa masharti ya matumizi yanayotekelezwa tangu mwaka 2014, kutangaza hadharani nani anamlipa. Kijana wako asipofanya hivyo atapoteza akaunti, na wewe umepoteza fedha. Ikiwa unataka kusaidia, unayajua mabondo kuliko waandishi wengi: tafuta ripoti za uvuvi zilizochapishwa, na uiongezee makala ya sangara sehemu inayoeleza biashara hiyo, bila kutaja kampuni yako.

Swali: Nafundisha sekondari na ninakusudia kuwafanya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waandike kila mmoja makala moja. Wengine wameanza kunakili kutoka magazetini, wengine wanatafsiri kurasa za Kiingereza kwa programu za simu. Je, hilo linaruhusiwa? *Mwalimu, Sengerema*

Jibu: Mwalimu, nia yako ni njema, ila mpango wenyewe ninauomba uubadilishe kidogo. Kunakili kutoka gazetini hakuruhusiwi hata kidogo, hata mwanafunzi akitaja gazeti. Kila kinachowekwa Wikipedia kinatolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote duniani kukitumia, kukibadilisha na hata kukiuza, mradi amtaje mwandishi na atoe kazi yake kwa masharti yale yale. Mwanafunzi hawezi kutoa ruhusa hiyo juu ya maneno ambayo si yake. Asome habari, afunge gazeti, aandike kwa maneno yake mwenyewe, kisha aweke tanbihi. Zoezi hilo pekee ni somo zuri la Kiswahili, na naamini litawafaa kuliko makala yoyote watakayoimaliza.

Kutafsiri kutoka Wikipedia ya Kiingereza kunaruhusiwa, kwa sharti kwamba muhtasari utaje ukurasa uliotafsiriwa ili waandishi wake wa kwanza wasipoteze haki yao. Kinacholeta matatizo ni tafsiri ya programu inayobandikwa kama ilivyotoka. Wikipedia ya Kiswahili imeumizwa sana na maandishi ya aina hiyo, ambayo kila neno lake ni la Kiswahili na sentensi yake haieleweki na mtu yeyote. Mwanafunzi anayeishi ng'ambo ya Busisi anajua sangara, sato, furu na dagaa kwa majina na kwa macho. Aitumie programu kama anavyotumia kamusi, kisha aandike kama anavyozungumza na mtu mzima anayemheshimu. Programu za akili unde zichunguzwe zaidi, kwa kuwa hutunga hata majina ya vitabu visivyokuwepo, na tanbihi ya uongo ni mbaya kuliko kukosa tanbihi.

Liko pia jambo la kiufundi ambalo limewakwamisha walimu wengi. Kwa kawaida mtandao mmoja hauruhusiwi kufungua zaidi ya akaunti sita kwa siku, hivyo darasa zima likikaa kwenye chumba cha kompyuta na kuanza kujisajili, wa saba atakataliwa. Wafungue akaunti nyumbani siku kadhaa kabla, au waandikie wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, mapema kuomba msaada. Wakati mwingine hata mtandao wa simu hukutwa umezuiwa, kwa sababu wateja wengi hutumia anwani moja na mmoja wao amefanya uharibifu. Mwanafunzi asiogope, kizuizi hicho hakimlengi yeye.

Badala ya makala mpya kwa kila mmoja, ningewapa kazi ndogo. Watafute kurasa ambazo bado zinasema kwamba daraja la Kigongo–Busisi linajengwa, ilhali lilifunguliwa mwezi Juni 2025 kwa jina la Daraja la J.P. Magufuli, na wazirekebishe kwa kutaja chanzo. Wapige picha za maeneo yao kwa simu zao wenyewe na kuzipakia Wikimedia Commons, hazina ya picha huru inayotumiwa na Wikipedia. Picha iliyotoka kwenye kundi la WhatsApp isipakiwe, maana aliyeipiga hajulikani. Mwanafunzi aliyesahihisha sentensi tatu na kuona zimedumu atarudi mwenyewe, lakini aliyeandika makala nzima akaona imefutwa hatarudi.

Swali: Niliongeza katika ukurasa wa mwanasiasa mmoja wa hapa jambo linalojulikana na watu wote mjini, ingawa magazeti yameogopa kuliandika. Liliondolewa baada ya dakika chache. Je, huku si kuficha ukweli? *Msomaji, Nyamagana*

Jibu: Hapana, na katika kanuni zote hii ndiyo ambayo ningeitetea kwa nguvu zaidi. Habari mbaya juu ya mtu aliye hai, isiyo na chanzo kinachoaminika, huondolewa papo hapo na yeyote anayeiona, bila kungoja majadiliano. Linalojulikana na watu wote mjini mara nyingi ni lile lililosemwa na mtu mmoja na kurudiwa na wote.

Mwaka 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari wa Marekani John Seigenthaler alishukiwa kuhusika katika mauaji ya John F. Kennedy na ndugu yake Robert. Ulikuwa uzushi mtupu, na Seigenthaler alikuwa amewahi kufanya kazi na Robert Kennedy na kuwa rafiki yake. Uzushi huo ulikaa kwa muda wa miezi minne hivi, ukasomwa na kunakiliwa kwingine, kabla ya kuondolewa. Ilipofika Desemba mwaka huo, watu wasio na akaunti walizuiwa kuanzisha kurasa mpya katika toleo la Kiingereza. Mzee huyo alikuwa na jina na gazeti la kumsemea. Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu au mwanamuziki wa Mwanza anayeandikiwa neno kama hilo hana hayo, na ukurasa huo ndio utakaojitokeza kwanza kila mtu atakapotafuta jina lake. Tena mwandishi wa gazeti akiunakili ukurasa huo, na mtu mwingine akalitaja gazeti kama chanzo, uzushi utakuwa umejipatia tanbihi yake, na kuung'oa kutakuwa kazi ya miaka.

Ikiwa jambo hilo ni la kweli na linawahusu wananchi, wapelekee waandishi wa habari na vyombo vya sheria pamoja na ushahidi ulio nao. Likishachapishwa na chombo kinachowajibika, litaingia. Kwa sasa ujue kwamba maneno yako hayaonekani tena kwenye makala lakini bado yamo katika historia ya ukurasa, ambamo kila mtu anaweza kuyafungua. Mwandikie mkabidhi mmoja kwa barua pepe kupitia ukurasa wake wa mtumiaji, si kwenye majadiliano ya wazi, umwombe afiche toleo hilo. Mtajie tarehe na saa ya badiliko, na usiyarudie maneno yenyewe.